Treni ya SGR au Gari Binafsi kati ya Dar es Salaam na Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria, maswali haya yamekuwa yakijirudia maofisini, nyumbani na katika vikao vya familia kila safari inapopangwa. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi hali za pekee, na kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, msomaji ameelekezwa kwenye swali husika. Nauli na bei zilizotajwa zinaweza kubadilika, hivyo ni vyema kuzihakikisha kabla ya kusafiri.

## Mambo ya msingi

1. SGR ya Tanzania ni reli ya namna gani, na ilianza lini kubeba abiria?

SGR ni kifupisho cha Standard Gauge Railway. Ni reli ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma, tofauti na reli ya zamani yenye upana wa milimita 1,000 ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Ujenzi wa reli mpya ulizinduliwa mwaka 2017. Shirika la Reli Tanzania (TRC) lilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, safari za Dodoma zikafuata tarehe 25 Julai, na Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua huduma hiyo rasmi tarehe 1 Agosti mwaka huohuo.

Treni zinatumia umeme. Zipo zinazovutwa na kichwa, na zipo zile ambazo wananchi wamezibatiza jina la mchongoko kwa sababu ya pua zake zilizochongoka, ambazo zina mota zake ndani ya seti ya mabehewa na hazihitaji kichwa cha kuzivuta.

2. Je, kwa vipimo vya dunia hii ni treni ya mwendo wa kasi?

Hapana, na hakuna aibu yoyote katika kusema hivyo. Kwa kawaida reli mpya huhesabiwa kuwa ya mwendo wa kasi inapobeba treni zinazokwenda kilomita 250 kwa saa au zaidi, na reli ya zamani iliyoboreshwa huhesabiwa hivyo kuanzia kilomita 200 hivi. Reli yetu imesanifiwa kwa kilomita 160 kwa saa, mwendo uleule wa Gautrain ya Afrika Kusini. Barani Afrika, treni iliyovuka kipimo cha kilomita 250 ni Al Boraq ya Morocco, ambayo tangu mwaka 2018 hukimbia hadi kilomita 320 kwa saa kati ya Tangier na Kenitra.

Hata hivyo, kwa msafiri anayechagua kati ya treni na gari, kipimo cha kimataifa hakimsaidii sana. Kinachomhusu ni kwamba gari binafsi katika barabara ya Dodoma, likihesabiwa kwa wastani wa safari nzima, huambulia kilomita 55 hadi 65 kwa saa. Treni ya kilomita 160 inaliacha mbali bila kuhitaji kufikia mwendo wa treni za kasi za Japani.

3. Safari yenyewe inachukua muda gani kwa kila chombo?

Kwa treni, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni takriban saa nne, na pungufu ya hapo kwa treni ya haraka inayosimama vituo vichache. Kwa gari, umbali wa kilomita 450 hivi huchukua saa saba hadi nane kwa dereva anayetii sheria, kwa kuwa barabara inapita katika makazi mengi yenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na polisi wenye tochi za kupima mwendo huwa wamesimama humo. Foleni ya kutoka mjini hadi Kibaha na misururu ya malori kuelekea Chalinze huweza kuongeza saa nyingine.

Lakini kulinganisha saa nne na saa nane si haki kwa gari. Gari humchukua mtu mlangoni na kumshusha mlangoni. Abiria wa treni anapaswa kufika stesheni mapema kwa ajili ya ukaguzi, na akishuka bado anatafuta usafiri wa kumfikisha anakokwenda. Ukiongeza saa mbili mwanzoni na saa moja mwishoni, safari ya treni inakuwa ya saa saba. Faida ya muda ipo, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa, na ukubwa wake unategemea sana unaishi wapi na unakwenda wapi. Tazama swali la 9 na la 10.

Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo ndani ya zile saa nne. Abiria anaweza kusoma, kuandika ripoti au kulala, na anafika akiwa na nguvu za kufanya alichofuata. Dereva aliyeendesha saa nane hana budi kupumzika kwanza.

## Gharama

4. Nauli ni kiasi gani?

Nauli iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, huduma ilipoanza mwaka 2024 ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma katika daraja la kawaida, na shilingi 13,000 hadi Morogoro. Mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili hulipa nusu, na aliye chini ya miaka minne halipi. Treni ya haraka na madaraja ya juu yana nauli kubwa zaidi.

5. Gari ninalo tayari. Si nijaze mafuta tu niondoke?

Hili ndilo swali ambalo watu wengi hulijibu vibaya, kwa sababu wanahesabu mafuta peke yake. Tuanze na mafuta hayohayo. Gari linalokula lita moja kwa kilomita 10 litahitaji lita 45 kufika Dodoma. Tukichukua shilingi 3,000 kwa lita kama mfano (EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, hivyo weka bei ya mwezi wako), hiyo ni shilingi 135,000 kwenda tu. Gari dogo linalokwenda kilomita 15 kwa lita litatumia lita 30, yaani shilingi 90,000.

Kisha yapo matumizi yasiyoonekana siku ya safari. Kwenda na kurudi ni kilomita 900. Kama unafanya servisi na kubadilisha oili kila kilomita 5,000, safari moja imekula karibu sehemu ya tano ya servisi hiyo. Matairi yanakwisha, breki zinakwisha, shokapu zinachoka, na gari linapoteza thamani kwa kila kilomita inayoongezeka kwenye dashibodi. Bima unalipa hata gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo si haki kuibebesha safari hii. Lakini uchakavu ni gharama halisi, nawe utakutana nayo gereji miezi michache baadaye.

Kwa msafiri mmoja, basi, hakuna ubishi. Shilingi 31,000, hata ukiongeza bajaji au teksi pande zote mbili, haifikii mafuta peke yake.

6. Na tukiwa familia nzima?

Hapa hesabu inabadilika, na ni vizuri kuifanya kwa kalamu. Watu wazima wanne watalipa shilingi 124,000 kwa treni. Gari lenye ulaji wa lita moja kwa kilomita 10 litawagharimu shilingi 135,000 za mafuta, lakini gari dogo litawapeleka kwa 90,000. Baba, mama na watoto wawili wanaolipa nusu watatoa shilingi 93,000 kwa treni, ambayo ni karibu sawa na mafuta ya gari dogo.

Wakiwa watano na mizigo, gari linaanza kuwa nafuu wazi, hasa ikiwa watalihitaji pia wakiwa Dodoma. Wakiwa wawili, treni inashinda kwa kila hesabu. Watatu na wanne ndio walio katikati, na kwao uamuzi unapaswa kutokana na mambo mengine: usalama, uchovu, na kile watakachofanya wakifika.

## Usalama na uhakika wa safari

7. Kipi ni salama zaidi?

Treni, na kwa tofauti kubwa. Sababu si fumbo. Njia ya treni imezungushiwa uzio, makutano na barabara yametengenezwa kwa madaraja ya juu au ya chini, na mwendo unasimamiwa na mfumo wa ishara na chumba cha uongozaji. Hakuna treni inayotanua kulipita lori kwenye kona.

Barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma, kwa sehemu kubwa ya urefu wake, ina njia moja kwenda na moja kurudi. Basi na lori vinabanwa na kikomo cha kilomita 80 kwa saa, gari dogo linataka kwenda zaidi, na matokeo yake ni dereva mwenye haraka kukaa nyuma ya msururu wa malori akitafuta upenyo. Ajali mbaya za uso kwa uso hutokana na upenyo huo uliokadiriwa vibaya, hasa usiku, pale lori bovu linapokuwa limeachwa barabarani bila taa na tahadhari yake ni matawi ya miti tu. Mtu ambaye amewahi kuzika ndugu aliyefia barabarani hahitaji kuelezwa jambo hili.

Haina maana kwamba treni haipati ajali. Ujerumani ilipoteza watu 101 huko Eschede mwaka 1998, na Uhispania watu 79 karibu na Santiago de Compostela mwaka 2013, treni ilipoingia kwenye kona kwa mwendo uliopita kiasi. Kwa upande mwingine, Shinkansen, treni ya kasi ya Japani iliyoanza tarehe 1 Oktoba 1964, haijawahi kupoteza abiria kwa treni kugongana au kuacha reli. Rekodi hiyo imejengwa kwa matengenezo ya kila usiku na nidhamu isiyolegezwa. Reli yetu bado ni changa, na miaka ya kuipima ni ile inayokuja, vifaa vitakapoanza kuchakaa.

8. Umeme ukikatika njiani itakuwaje?

Treni hupunguza mwendo na kusimama salama; haiwezi kwenda kokote mpaka umeme urudi au ivutwe. Jambo hili limetokea na limewaudhi abiria, na wana haki ya kuudhika. Reli ina njia yake ya kusafirishia umeme, na uzalishaji nchini umeongezeka tangu Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kuzalisha mwaka 2024; lakini umeme mwingi katika gridi hauzuii hitilafu kwenye nyaya zenyewe. Mwishoni mwa Julai 2024, siku chache baada ya safari za Dodoma kuanza, TRC ilieleza kwamba ngedere na bundi walisababisha hitilafu iliyoisimamisha treni. Wizi wa nyaya nao ni tatizo halisi, na anayenunua vyuma chakavu hivyo anashiriki kuwaacha watoto na wagonjwa gizani katikati ya pori.

Ukiwa na miadi isiyoweza kusogezwa, kama usaili wa kazi au kesi mahakamani, panda treni ya siku iliyotangulia. Ushauri huohuo unamhusu mwenye gari, ambaye naye hana uhakika wa tairi wala wa foleni.

## Kufika stesheni na kutoka stesheni

9. Ninaishi Mbezi. Je, niingie mjini kwanza ndipo nitoke tena?

Hili ni lalamiko la haki. Stesheni kuu ya Dar es Salaam, yenye umbo linaloiga madini ya tanzanite, iko katikati ya jiji karibu na stesheni ya zamani. Anayeishi Posta, Kariakoo, Temeke au Kigamboni anafika kwa urahisi. Anayeishi Kimara, Mbezi au Kibaha anasafiri kinyume na anakokwenda, ingawa mabasi ya mwendokasi kutoka Kimara hadi Gerezani na Kivukoni humpunguzia adha. Wakazi wa Gongo la Mboto na Pugu waangalie kama treni wanayoitaka inasimama stesheni ya Pugu, kwa sababu si zote zinazosimama vituo vyote.

Kwa mkazi wa Kibaha mwenye gari, nakiri kwamba gari lina nguvu: ameshavuka sehemu kubwa ya foleni kabla hata safari haijaanza.

10. Nina kazi katika Mji wa Serikali, Mtumba. Treni itanifaa?

Itakufaa, lakini panga usafiri wa mwisho kabla hujaondoka. Mtumba iko nje ya jiji, upande wa barabara ya kwenda Dar es Salaam. Mwenye gari anaikuta kabla ya kuingia Dodoma mjini, ilhali abiria wa treni anafikishwa stesheni kisha anageuza kurudi nyuma. Teksi ya umbali huo ni ghali kwa mtu mmoja, na watumishi wengi huishia kuchangishana.

Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo reli hii inaposhindwa au kufaulu. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, safari za watumishi kati ya miji hii miwili ziliongezeka, na hao ndio abiria ambao treni ilipaswa kuwatoa kwenye magari kwanza. Basi la uhakika kutoka stesheni hadi Mtumba, lenye ratiba inayofuata treni na tiketi inayonunuliwa pamoja na ya treni, lingebadilisha uamuzi wa wengi, tena kwa gharama ndogo mno ikilinganishwa na reli yenyewe. Kuijenga reli na kumwacha abiria lango la stesheni akibishana bei usiku ni kuiacha kazi kabla ya kuimaliza.

11. Ninakwenda Gairo, Kibaigwa au Chalinze. Treni inapita?

Haipiti. Baada ya Morogoro, reli inakwenda Mkata, Kilosa, Kidete na Gulwe, wakati barabara inapita Dumila, Gairo na Kibaigwa. Kwa vituo hivyo vya barabarani, basi au gari ndiyo njia. Anayekwenda Kilosa au Mpwapwa, kinyume chake, amepata njia fupi ambayo hakuwa nayo.

## Mjadala wa kitaifa

12. Fedha hizo zisingefaa zaidi kujenga barabara pana?

Hoja hii ina uzito na isidharauliwe. Mkataba wa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ulikuwa wa dola za Marekani bilioni 1.2 hivi, na wa Morogoro hadi Makutupora, mbele ya Dodoma, dola bilioni 1.92. Sehemu ya fedha ni mikopo, ukiwemo wa dola bilioni 1.46 uliosimamiwa na benki ya Standard Chartered mwaka 2020, na mikopo hiyo italipwa na mwananchi ambaye huenda hatapanda treni hata mara moja.

Anayependekeza barabara badala ya reli, hata hivyo, ajibu maswali mawili. La kwanza ni la nafasi. Seti moja ya mchongoko hubeba karibu abiria 600. Kuwabeba watu hao kwa magari yenye watu wawiliwawili kunahitaji magari 300, ambayo yote yataingia jijini kupitia Kibaha na Kimara, yakitafuta maegesho. Kimara hadi Kibaha imekwisha kupanuliwa kuwa njia nane, na bado foleni haijaisha, imesogea tu. La pili ni la mizigo. Malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo ndiyo yanayoichosha barabara, na yanayowaua watu wa magari madogo kwenye migongano niliyoitaja katika swali la 7. Kila kontena linalohamia kwenye reli linaifanya barabara idumu na iwe salama kwa hao hao wanaopenda magari yao.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaoiona reli na barabara kama maadui. Barabara ya njia mbili mbili kutoka Kibaha hadi Morogoro inahitajika pia. Ila kama ingekuwa lazima kuanza na kimoja, naamini kuanza na reli kulikuwa sahihi, kwa kuwa Watanzania walio wengi hawana gari, na barabara pana peke yake humnufaisha kwanza aliye nalo.

13. Nchi nyingine zimefanikiwa?

Zimetofautiana. Ufaransa ilifungua njia ya Paris hadi Lyon mwaka 1981, na leo ni safari ya saa mbili ambayo gari huichukua saa nne na zaidi. Uchina iliunganisha Beijing na Shanghai mwaka 2011, kilomita 1,318. Mahujaji wetu wameifahamu treni ya Haramain, inayounganisha Makka, Jeddah na Madina tangu mwaka 2018. California, kwa upande wake, wapiga kura waliidhinisha mradi mwaka 2008, ujenzi ukaanza mwaka 2015, na hadi mwaka 2025 hakuna abiria aliyekuwa amepanda, huku gharama zikiwa zimepaa kutoka dola bilioni 33 zilizokadiriwa hadi zaidi ya bilioni 100. Mahali ambapo miji imekwisha kusukwa kwa ajili ya gari, treni hupata taabu kupenya. Dodoma bado inajengwa, na nafasi hiyo haitabaki wazi miaka yote.

14. Na Kenya?

Madaraka Express kati ya Mombasa na Nairobi ilianza mwaka 2017, hutumia dizeli, na mwendo wake wa juu ni kilomita 120 kwa saa. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500 kuanzia Januari 2024. Stesheni zake, Miritini na Syokimau, ziko mbali na katikati ya miji, na somo la swali la 10 linahusika vilevile huko. Pamoja na hayo, msimu wa sikukuu tiketi hugombewa, jambo linaloonyesha kwamba watu wameipima dhidi ya barabara ya Voi na Mtito Andei na wameamua.

## Hali za pekee

15. Nina mizigo mingi. Nifanyeje?

Soma masharti ya uzito kwenye tiketi yako kabla ya kufunga mizigo. Treni ya abiria haikusudiwi kubeba magunia, godoro, kuku wala mtungi wa gesi, na ukaguzi ni wa mashine. Mwanafunzi anayehamia Chuo Kikuu cha Dodoma anaweza kutuma tranka kwa basi na yeye akapanda treni. Mwenye shehena ya kujaza buti na kiti cha nyuma atumie gari.

16. Tumepata msiba, tunapaswa kuondoka leo usiku na kufika kijijini. Treni au gari?

Gari, katika hali nyingi. Msiba hausubiri ratiba, tiketi za siku hiyo zinaweza kuwa zimekwisha, na kijijini kunahitajika chombo cha kubeba watu na vyombo. Jambo moja tu: dereva asiwe mfiwa wa karibu ambaye hajalala. Atafutwe mwingine, na wawe wawili wa kupokezana. Wazee na wagonjwa wanaoweza kusubiri hadi asubuhi wapandishwe treni, wapokelewe Dodoma.

17. Reli ikifika Mwanza na Kigoma, uamuzi huu utabadilika?

Utabadilika sana. Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Dar es Salaam. Kwa gari, ni mwendo wa siku mbili ukiwa na malazi njiani, na zile hesabu za swali la 6 zinageuka: mafuta yanazidi mara mbili na nusu, chumba cha kulala kinaongezwa, na dereva anahitaji msaidizi. Treni ya kilomita 160 kwa saa itaweza kuondoka jioni na kufika asubuhi. Vipande vya Makutupora hadi Tabora, Tabora hadi Isaka, Isaka hadi Mwanza na Tabora hadi Kigoma viko katika hatua tofauti za ujenzi, na kutoka Uvinza imepangwa njia ya kwenda Musongati, Burundi. Mpaka vipande hivyo vikamilike, msafiri wa Mwanza anaweza kupanda treni hadi Dodoma na kuendelea kwa basi, akijihakikishia kwanza kwamba basi la kuunganisha lipo siku hiyohiyo.